Miguu ya mbele ya Peugeot 504

Swali: Nimeachiwa na marehemu baba Peugeot 504. Mbele inagonga kila shimo. Naweza kubadilisha bushi na shokapu mwenyewe nyumbani?

Jibu: Unaweza, na gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978 linastahili jasho lako. Ila iogope springi. Kwenye 504 imeizunguka shokapu ya mbele, imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua. Usiguse nati ya juu kabla hujaibana springi kwa kibanio chake maalumu. Waya na minyororo, hapana. Huna kibanio? Peleka mguu mzima kwa fundi mwenye nacho. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Bushi ndizo zinazoharibiwa na wengi. Wanazikaza magurudumu yakining'inia. Gari likishushwa mpira unajipinda, haukawii kuchanika. Ingiza bolti, kaza kidogo tu, shusha gari lisimame kwa uzito wake, litikise, ndipo ukaze kabisa. Shokapu badilisha zote mbili, kisha kapime alaimenti.