Taa ya tangi la samaki iliyoingia maji: kukauka si kupona



Ndugu msomaji, miezi michache iliyopita, baada ya swala ya Magharibi, mzazi mmoja alimleta zahanati binti yake wa miaka saba. Kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia alikuwa na alama ndogo nyeupe iliyozungukwa na wekundu. Kwenye unyayo wa mguu wa kushoto alikuwa na nyingine kama hiyo. Alhamdulillah mtoto alikuwa anaongea, analia, anataka kurudi nyumbani. Alikuwa ameingiza mkono kwenye tangi la samaki la sebuleni ili aokote kijiwe chenye rangi. Alikuwa peku, na sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki.

Baba yake akanieleza kwamba wiki tatu kabla, wakati wa kubadilisha maji, taa ya tangi ilidondoka ndani. Akaitoa, akaianika juani siku mbili, akaviringisha tepu nyeusi mahali waya ulipokuwa umechubuka, akaichomeka, ikawaka vizuri. Kisha akasema neno lililonifanya niandike safu hii: "Lakini daktari, samaki wote wazima. Maji yangekuwa na umeme si wangekufa?"

Mimi ni tabibu, si fundi umeme. Lakini swali hilo linahusu mwili zaidi kuliko waya, kwa hiyo nitalijibu.

Umeme humdhuru kiumbe pale unapompitia kwenda mahali pengine. Samaki yumo mzima ndani ya maji, pande zake zote zina hali moja, na tangi la kioo limekaa juu ya meza ya mbao. Umeme hauna pa kwenda. Ni kama ndege aliyetua juu ya waya mmoja wa nguzoni: hapati kitu. Sasa aje mtoto aliyesimama peku kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, atie kidole ndani. Hapo njia imepatikana: kidoleni, mkononi, kifuani, mguuni, ardhini. Ndiyo maana binti yule alikuwa na alama mbili, moja ya kuingilia na moja ya kutokea, na moyo uko katikati ya safari hiyo. Basi uzima wa samaki si kipimo cha usalama wa maji.

Umeme wa majumbani kwetu Tanzania ni volti 230. Ngozi kavu huuzuia kwa kiasi, lakini ngozi ikilowa, ukinzani wa mwili unaweza kushuka hadi karibu omu 1,000. Ukigawanya unapata miliampea 230. Moyo unaweza kuvurugika mapigo kwa kiasi kisichofika hata miliampea 100 kikipita kifuani. Na ile fyuzi ya ndani ya plagi, wengi huiamini kama mlinzi wa roho zao. Fyuzi ya ampea 13 ni sawa na miliampea 13,000. Mtu atakufa nayo haijashtuka. Imewekwa kuukinga waya usiungue, si kukukinga wewe.

Tafakari pia nyakati zetu. Mtu ametia udhu wa alfajiri, mikono na miguu inadondosha maji, anapita sebuleni, anafungua mfuniko awarushie samaki chakula, na kidole kinagusa ukingo wa taa. Hakuna hali ya mwili iliyo tayari zaidi kupitisha umeme kuliko hiyo.

KWA NINI KUANIKA HAKUTOSHI

Madrasa tulifundishwa kwamba najisi ikikauka kwa jua haijatoharika, mpaka ioshwe. Waya nao una kisa kinachofanana, ila huu hata kuuosha hakusaidii. Maji ya tangi si maji matupu. Yana chumvi na madini, hasa kwa sisi wa Dar es Salaam tunaotumia maji ya visima yenye chumvichumvi, na wale wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika huongeza madini makusudi kwa sababu samaki hao wanayapenda. Maji yakikauka, chumvi inabaki. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na juu ya tangi kuna mvuke usiku na mchana. Taa inawaka, na huku umeme unatambaa kidogo kidogo juu ya ukoko wa chumvi mpaka kwenye fremu.

Halafu maji hupanda ndani ya waya. Waya wa taa una nyuzi nyingi nyembamba za shaba, na maji hupita kati yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Utaona pamechubuka padogo, kumbe kutu ya kijani imekwenda mbali ndani ya ganda. Shaba iliyooza hivyo hupata joto, joto huyeyusha ganda, na hapo ndipo moto wa nyumba huanzia. Tepu nayo, kwa mvuke na joto la taa, gundi yake hulegea ndani ya muda mfupi. Tepu haizuii maji, na haijawahi kutengenezwa kwa kazi hiyo.

KABLA YA KUGUSA

Taa ikidondoka majini, usitie mkono kuiokoa. Chomoa plagi kwanza, kwa mkono mkavu. Kama soketi yenyewe imerukiwa maji, iache, nenda ukazime meni swichi.

Usitosheke na kuzima swichi ya ukutani. Ziko nyumba ambazo waya zilifungwa kinyume, swichi inakata waya wa bluu huku wa moto ukiendelea kuwa hai mpaka kwenye taa. Na kuna jambo linalonitia hofu kuliko yote: watu wetu hupenda kufanya matengenezo wakati umeme umekatika au LUKU imeisha. Umeme hurudi bila kubisha hodi, na kijana wa nyumba anaweza kuingiza tokeni wakati wewe umeshika waya. Umeme uliokatika usiuhesabu kuwa umezimwa. Plagi iwe nje, uione kwa macho yako, na ikiwezekana iwe mfukoni mwako.

Baada ya hapo ifungue taa uitazame. Ikiwa ni ya LED na maji yameonekana ndani ya plastiki yake, itupe.  Ikiwa ni taa ndefu ya zamani yenye choki na stata, navyo vimelowa, vitu hivyo haviponi, vibadilishwe pamoja na vishikio vya taa vilivyoota kutu. Kinachofaa kutengenezwa ni ile taa ambayo mwili wake ni mzima na waya peke yake ndio ulioharibika.

Hapo waya ubadilishwe wote, kuanzia plagi mpaka kwenye taa, usiungwe katikati. Kama fundi ataona wa kukata tu unatosha, akate mpaka afike penye shaba inayong'aa kama mpya, na kiungio kisikae juu ya tangi wala nyuma yake ambako maji hutiririka. Kwa waya za sasa, kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Nyumba za zamani utakuta nyekundu, nyeusi na kijani. Taa yenye mfuniko wa chuma lazima iwe na huo waya wa ethi, na uwe umefungwa kwenye chuma chenyewe. Ukiletewa taa ya chuma yenye waya mbili tu, muulize fundi sababu, na jibu la "inawaka tu mzee" usilikubali. Fyuzi ya plagi iwe ya ampea 3.

Kazi ikiisha, mwambie aipime kwa mega. Testa ya bisibisi itakuonyesha kama pana moto, haitakuambia kama umeme unavuja kidogo kidogo. Fundi asiye na mega wala anayemjua mwenye nayo, huyo mpe kazi nyingine. Dini yetu imemhesabu anayetibu watu bila kujulikana kwa ujuzi wa tiba kuwa ni mdhamini wa madhara atakayoyasababisha. Sioni kwa nini fundi wa kubahatisha awe na hali nyepesi kuliko sisi. Mafundi wenye leseni ya EWURA wapo, muombe akuonyeshe.

Mambo mawili ya kuongeza nyumbani. Waya wa taa ushuke chini ya usawa wa soketi kisha upande, ili tone la maji linaloufuata lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Ekstensheni isilazwe chini ya tangi. La pili, fungeni kile kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, cha miliampea 30. Chenyewe hukata umeme mara unapoanza kuvuja, kabla moyo haujaharibika. Vipo vya kufungwa kwenye meni swichi na vipo vya kuchomeka kwenye soketi. Kina kitufe cha kujaribia, kibonyezeni kila mwezi. Hata mkiwa nacho, mkono usiingie tangini mpaka taa, pampu ya hewa na kila kilichomo kiwe kimechomolewa.

AKISHANASWA MTU

Usimshike. Kata umeme kwanza. Ukishindwa kabisa, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Akiwa hapumui, mlaze chali, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, na kwa mtoto theluthi ya unene wa kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama unajua kupuliza pumzi, pulizia mbili kila baada ya kukandamiza mara 30. Endelea mpaka msaada ufike. Namba ya dharura ni 112. Maziwa na maji ya kunywa hayana kazi hapa, na aliyepoteza fahamu yanaweza kumpalia.

Palipoungua, umeme ukiwa umeshakatwa, paoshe kwa maji safi yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno usipake. Kidonda cha umeme ni kidogo kwa nje na kirefu kwa ndani, kwa hiyo mlete hospitali hata kama anacheka, na kwa haraka zaidi ikiwa alizimia, ana mimba, moyo unamwenda mbio, au mkojo wake umegeuka rangi ya kahawia, kwani hiyo ni dalili kwamba misuli imeungua na figo ziko hatarini.

Binti yule tulimwangalia usiku kucha, mapigo ya moyo yakabaki sawa. Aliporudi kufungwa kidonda nilimuuliza baba habari ya taa. Akasema ameitupa, na samaki wanaogelea kwa mwanga wa dirishani.