Kumsaidia Mtoto Mdogo Atende Mwenyewe

Watu wengi hudhani ya kuwa kulinda watoto wadogo ni kazi nyepesi. Husema: Mtoto akiisha kushiba, asipolia, yatosha. Lakini mtoto mwenye miaka 3 au 4 hujifunza mchana kutwa, hata pale asipokuwapo mtu wa kumfundisha. Hutazama mikono ya wakubwa, husikiliza maneno yao, na hutamani kutenda kama wao. Ndiyo maana wahenga walisema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi, mtu aliyekabidhiwa watoto wa wenzake, katika shule ya wadogo au katika nyumba ya malezi, amekabidhiwa jambo kubwa. Somo hili laeleza namna ya kulitimiza, kwa mfano wa nyumba moja iliyofunguliwa zamani katika mji wa Roma.

1. Nyumba ya Watoto

Maria Montessori alikuwa daktari wa Italia. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Katika majumba ya mtaa ule baba na mama walikwenda kazini mchana, na watoto ambao umri wao haukufikia bado wa kwenda shule walibaki peke yao. Walizurura ngazini na kuchafua kuta. Wenye majumba walitaka tu wakusanywe katika chumba kimoja na mtu awaangalie, wasiharibu mali. Watoto hao walipata 50.

Montessori hakuridhika na kuwazuia wasiharibu. Aliwatazama kwanza, apate kujua wanahitaji nini. Katika shule nyingi za wakati ule watoto walikalishwa juu ya mabenchi mazito, wasiweze kujigeuza. Yeye aliagiza meza ndogo na nyepesi, ambazo watoto wawili wenye miaka 4 waweza kuzibeba, na viti vidogo, na mahali pa kunawia palipo chini, mtoto wa miaka 3 apafikie bila kuinuliwa. Wengine walimwambia: Viti vyepesi vitaangushwa. Akajibu kwamba hilo ni faida. Kiti kikianguka kwa kishindo, mtoto huona kosa lake mwenyewe. Kesho atapita kwa uangalifu, wala hapana haja ya kumkaripia.

2. Mtoto aliyetafuta kiti

Montessori alisimulia habari ya mtoto mmoja wa shule yake, mwenye miaka 2 na nusu hivi. Wenzake walikuwa wamezunguka beseni la maji lenye vitu vya kuchezea vinavyoelea. Mdogo huyu alibaki nyuma, asione kitu. Alijaribu kupenya, nguvu zikamshinda. Akasimama, akatazama huku na huku, akaona kiti kidogo. Uso wake ukang'aa kwa tumaini. Akaanza kukiendea, ili akiweke nyuma ya wenzake na kupanda juu yake. Mara mwalimu akamnyakua, akamwinua juu ya vichwa vya wengine, akimwambia kwa huruma atazame naye.

Mtoto aliona vitu vile vya kuchezea. Lakini furaha iliyokuwa usoni pake ilitoweka. Alikuwa karibu kushinda shida yake kwa akili yake mwenyewe, na mtu mwema alimnyang'anya ushindi huo. Mwalimu hakuwa mkali wala mvivu. Alikuwa na haraka ya kusaidia.

Kosa hili latendwa kila siku na walezi wapendao watoto. Mtoto ahangaika na kifungo cha shati, mlezi amfungia. Ashika ufagio, ananyang'anywa kwa sababu hafagii vizuri. Ataka kuchota maji kwa kikombe, aambiwa atayamwaga. Mtoto anayetendewa mambo yote hujifunza jambo moja tu, nalo ni kwamba yeye hawezi. Msaada unaomfaa ni ule unaomwezesha: kikombe kidogo, ufagio mfupi, muda wa kutosha, na mlezi anayengoja karibu bila kusema mengi.

3. Kuonyesha pasipo kuaibisha

Siku moja Montessori aliwafundisha watoto namna ya kupenga kamasi. Alitoa kitambaa, akawaonyesha polepole jinsi ya kukitumia kwa utulivu, bila kishindo. Watoto walimtazama wote kwa bidii, pasipo kucheka. Alipomaliza wakampigia makofi. Alishangaa, kisha akafahamu sababu. Watoto hawa walikuwa wamezoea kukaripiwa na kudharauliwa kwa ajili ya kamasi, lakini hakuna aliyewahi kuwafundisha kwa heshima lililo sawa.

Basi, kabla ya kumkemea mtoto yampasa mlezi ajiulize: Je, jambo hili alikwisha onyeshwa? Amwonyeshe kwa matendo ya polepole na maneno machache, kisha amwache ajaribu. Asimcheke mbele ya wenzake. Asimpige, kwa maana fimbo humfundisha mtoto kuogopa na kuficha. Haimwonyeshi lililo sawa.

4. Uhuru una mpaka

Wengine watasema: Mtoto akiachwa atende atakavyo, atakuwa mtundu. Montessori hakufundisha hivyo. Alisema uhuru wa mtoto waishia pale unapodhuru wengine. Anayempiga mwenzake au kumsumbua akazuiwe mara moja.

Vivyo hivyo penye hatari. Mtoto akikaribia moto, kisima, au kisu, hapo si mahali pa kungoja na kutazama, akamatwe upesi. Kazi ya mlezi ni kupambanua: Hii ni shida ya kumkuza, au ni hatari ya kumdhuru? Hawezi kupambanua asiyetazama. Kwa hiyo mlezi asiwaache watoto peke yao hata kwa kitambo kidogo. Awahesabu mara kwa mara. Wala asimtoe mtoto kwa mtu asiyejulikana na wazazi wake.

5. Mlezi na wazazi

Katika Nyumba ya Watoto ya San Lorenzo sheria zilibandikwa ukutani. Wazazi hawakulipa kitu, lakini iliwapasa kuwaleta watoto wakiwa safi, kumheshimu mwalimu, na mama kwenda kuzungumza naye angalau mara moja kwa juma. Mwalimu naye alikaa katika jumba lile lile, karibu na wazazi. Watoto walipimwa uzito kila juma, ili ijulikane kama wanakua vema. Hivyo nyumbani na shuleni hapakuwa na maneno mawili.

Montessori alikufa mwaka 1952. Shule zinazofuata njia yake zipo leo katika nchi nyingi. Hata pasipo vifaa vyake, mlezi yeyote aweza kushika lililo kubwa, yaani kumtazama mtoto kabla ya kumtendea.

Maulizo

Ulizo: Mtoto alipoinuliwa juu ya wenzake alipoteza nini?
Jibu: Alipoteza furaha ya kushinda shida yake mwenyewe.

Ulizo: Msaada gani wamfaa mtoto mdogo?
Jibu: Msaada unaomwezesha kutenda mwenyewe.

Ulizo: Ni lini mlezi asingoje?
Jibu: Mtoto anapodhuru mwenzake, au anapokaribia hatari.

Ulizo: Yafaa nini kabla ya kukemea?
Jibu: Kumwonyesha mtoto kwa heshima lililo sawa.

Zoezi la juma hili: Kila mlezi achague kazi moja ndogo ambayo humtendea mtoto kila siku, kama kumnawisha mikono. Amwonyeshe polepole, kisha amngojee mpaka amalize.