Somo la Kiingereza: "Stride", "March" na Maneno Mengine ya Kutembea



Wengi wetu tulisoma shule kwa Kifaransa, na nyumbani tunasema Kiswahili, Kinyamulenge, Kifuliru, Kibembe au Kirundi. Kiingereza tumekikuta ukubwani, mara nyingi mbele ya meza ya mahojiano. Leo tunasoma neno "stride" pamoja na ndugu zake. Neno lenyewe halina hatari. Hatari iko kwa ndugu zake wawili watatu, ambao wanaweza kugeuza habari ya safari yako mbele ya mtu anayeiandika.

"Stride" hutamkwa straidi. Maana yake ni kutembea kwa hatua ndefu na imara, kama mtu anayejua anakokwenda na asiyemwogopa anayemtazama. Kwa wakati uliopita tunasema "strode". Liko pia umbo la tatu, "stridden", lakini Waingereza wenyewe hulitumia mara chache sana, kwa hiyo usijisumbue nalo.

Mfano: "The headmaster strode into the classroom." Yaani: mkuu wa shule aliingia darasani kwa hatua ndefu. Wanafunzi wote wamekwisha nyamaza kabla hajafika ubaoni. Lakini mtu mrefu anayepunga hewa jioni ya Jumapili kando ya ziwa Tanganyika, hata kama hatua zake ni ndefu, hafanyi "stride". Huyo anafanya "stroll", matembezi ya starehe.

"Stride" ni jina pia, maana yake hatua. "Make great strides" ni kupiga hatua kubwa, kuendelea mbele katika kazi au masomo; hapa Kiswahili na Kiingereza vinasema jambo moja kwa picha ileile. "Take it in your stride" ni kulipokea jambo gumu bila kuyumba.

Sasa fikiri juu ya mama aliyetoka Uvira, mtoto mgongoni na mzigo kichwani, akapita Kavimvira hadi Gatumba. Je, tuseme "she strode"? Hapana. Neno hili ni la mtu mwenye nguvu na mwenye njia yake. Kwa mama huyu sema tu "she walked". Ikiwa alikuwa amechoka, anajikokota, sema "she trudged".

Tufike kwenye neno linaloleta taabu zaidi: "march". Sisi tuliosoma Kifaransa tunalijua "marcher", ambalo maana yake ni kutembea tu. Kwa hiyo ulimi unakimbilia kusema "We marched to Burundi". Lakini kwa Kiingereza "march" ni mwendo wa askari katika mistari, au wa waandamanaji barabarani. Anayekusikiliza anaweza kujiuliza: mlikuwa na nani? Nani aliwaongoza? Mlikuwa na silaha? Swali hilo si dogo, kwa sababu mpiganaji ambaye hajaacha silaha hahesabiwi kuwa mkimbizi. Kijana wa miaka ishirini akisema "I marched three days with other men", amejitia mashakani kwa neno ambalo hakulikusudia. Aseme "I walked for three days".

Lakini kama kweli watu wenye silaha waliwatembeza kwa nguvu, hapo "march" ni neno lake hasa: "They marched us to the river." Walitusukuma mbele yao mpaka mtoni. Angalia nani anatenda. "We marched" ni sisi tuliopenda. "They marched us" ni wao waliotulazimisha.

Neno la pili ni kukimbia. Kiswahili kinalitumia kwa mambo mawili: mbio za miguu, na kuiacha nchi kwa hofu. Ndiyo maana tunaitwa wakimbizi. Kirundi kinatenganisha: kwiruka ni mbio, guhunga ni kuikimbia hatari, na impunzi ni mkimbizi. Kiingereza hufanya kama Kirundi. Mbio ni "run", na wakati uliopita ni "ran". Kuikimbia hatari ni "flee", na wakati uliopita ni "fled". Unaweza kufanya "flee" ukiwa ndani ya lori au mtumbwi bila kupiga mbio hata kidogo.

Usichanganye "flee" na "run away". Hili la pili husemwa sana juu ya mtoto aliyetoroka nyumbani au mwizi aliyewakwepa polisi. Na ukisema "escape", maana yake umeponyoka pale ulipokuwa umeshikwa au ulipokuwa karibu kufa. Juni 2004, baada ya mapigano ya Bukavu, maelfu ya Wakongo walivuka mpaka, na wengine wakawekwa kambi ya mpito ya Gatumba. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka ule kambi ilishambuliwa, watu zaidi ya 150 wakauawa. Mtu wa kundi hilo alihitaji maneno yote matatu: "We fled Congo" kwa safari ya Juni, "we ran" kwa mbio za gizani, na "I escaped" kwa kuwa yeye yu hai. Mamia ya walionusurika walipelekwa Marekani kuanzia 2007.

Hata ukisema Kiswahili, jihadhari na mkalimani wa pwani. Kwetu Kongo kutembea ni kwenda kwa miguu, basi. Kwa Mkenya au Mtanzania, "nilikwenda kutembea" ni kuzuru ndugu au kustarehe, na "alitembea na fulani" ina maana nyingine ambayo wakubwa wanaijua. Sema wazi: "Tulikwenda kwa miguu, tukikimbia vita." Ukiona hujaeleweka, omba swali lirudiwe. Hilo si kosa la adabu.

Na ukitafsiri "kwa miguu", usiseme "with my legs". Sema "on foot": "We came on foot."

Yaliyobaki ni mepesi. "Limp" ni kuchechemea. Mwambie daktari "I limp" kama mguu una kasoro. "Wander" ni kutangatanga bila kujua uendako. "Hurry" ni kufanya haraka, kwa miguu au kwa mikono.

ZOEZI. Jaza neno moja katika kila nafasi: strode, walked, fled, marched, limps.
1. In 2004 many families ...... the fighting in Bukavu.
2. The soldiers ...... the prisoners to the bridge.
3. My father ...... because of an old wound.
4. We ...... from Kavimvira to Gatumba with our bags.
5. The doctor ...... into the room and called the next name.

MAJIBU: 1 fled, 2 marched, 3 limps, 4 walked, 5 strode. Aliyeandika "marched" katika namba 4 arudie sehemu ya Kifaransa hapo juu.