Somo la Kikundi: Jembe la Mwinjilisti Apolo



Katika ziara zetu vijijini kuna swali moja tunaloulizwa karibu kila mahali: "Tutaanzaje mradi na hatuna mfadhili?" Swali hili si la mchezo. Tumeona vikundi vyenye watu wenye nguvu na shamba la kutosha vikikaa mwaka mzima vikingojea barua ijibiwe. Leo hatutalijibu kwa hesabu. Tutalijibu kwa habari za mtu aliyetumwa na kanisa kwenda nchi ya wageni, naye akabeba jembe.

Kiongozi: someni kwanza 2 Wathesalonike 3:6-13. Halafu mmoja wenu asome somo hili kwa sauti, polepole, ili hata wazee wasikie vizuri.

ALIKUWA NANI?

Tukisikia neno "mmisionari," wengi wetu tunamfikiria Mzungu aliyeshuka melini pale Mombasa. Lakini Apolo Kivebulaya alikuwa Mwafrika, Mganda, aliyezaliwa karibu mwaka wa 1864. Alibatizwa mwaka wa 1895, tayari mtu mzima. Watu walimpa jina la Kivebulaya kwa sababu alivaa koti jekundu la askari juu ya kanzu yake. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Koti lilikuwa la Ulaya kweli, lakini aliyelivaa alikuwa mtoto wa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki.

Kanisa la Uganda lilimtuma kufundisha Toro, upande wa magharibi. Kutoka huko, mwaka wa 1896, akaombwa kwenda mbali zaidi, hadi Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, ukingoni mwa msitu mkubwa wa Ituri. Siku hizi mahali hapo ni Kongo.

SAFARI NA JEMBE

Mboga palikuwa na sifa mbaya. Walimu waliomtangulia walirudi, maana Chifu Tabaro na watu wake walikataa kuwapa chakula. Tukumbuke, mwinjilisti wa siku zile hakuwa na mshahara wa kutosha. Alikula alichopewa na watu aliokwenda kuwafundisha. Wakimnyima, basi, amekwisha.

Apolo alizisikia habari hizo akiwa bado njiani. Angeweza kugeuka na kumwambia aliyemtuma, "Bwana, huko hakuna chakula, nitumie mahali pengine." Nani angemlaumu? Lakini alichukua kauri alizokuwa nazo, ambazo ndizo zilizokuwa fedha za wakati ule, akanunua jembe. Kama watamnyima chakula, atalima.

Tusiipite habari hii haraka. Pesa zilikuwa chache, na mtu anayekwenda ugenini ana mahitaji mengi. Yeye alichagua kitu kitakachomwezesha kukaa. Mtu anayelima hawezi kufukuzwa kwa njaa. Tena anayelima hukutana na majirani mashambani, hupata jasho kama wao, na mvua ikikataa huteseka pamoja nao. Wakiona hivyo, hata maneno yake yanaanza kusikika.

Kazi zake zilikuwa za kila siku: kusali, kulima, kujenga, na kufundisha watu kusoma. Kusoma na dini vilikwenda pamoja, kwa sababu aliyetaka kubatizwa alifundishwa kwanza kusoma Injili mwenyewe.

JEMBE HALIKUTOSHA

Sasa tuseme ukweli. Tusije tukafikiri kwamba mtu akijitegemea basi shida zote zinakwisha. Katika kazi ya kujenga kanisa ilitokea ajali: dada ya Chifu Tabaro aliangukia mkuki, akafa. Lawama zote zikamwangukia Apolo. Alipelekwa Toro kama mfungwa, akatiwa gerezani Fort Portal. Mtu aliyekuja kwa wema sasa anaitwa muuaji, tena katika nchi ambako hana ndugu.

Yeye mwenyewe alisimulia kwamba akiwa gerezani alimwona Kristo, akamtia moyo kwamba yuko pamoja naye. Baadaye mashtaka yaliondolewa, akafunguliwa. Je, alikwenda wapi? Nyumbani Buganda? Hapana. Alirudi Mboga, kwa watu wale wale. Na Tabaro, chifu yule aliyempinga, naye mwishowe alibatizwa, akaitwa Paulo.

Baadaye Apolo aliitwa tena Toro, na mwaka wa 1903 akafanywa kasisi. Alikuwa na cheo sasa, na mahali pazuri pa kukaa. Lakini zaidi ya miaka kumi baadaye alirudi Mboga. Kuanzia miaka ya 1920 alienda kwa Wambuti, wawindaji wa msituni ambao majirani wengi waliwadharau. Hakuwahi kuoa wala kupata watoto. Alifariki hapo Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kuonyesha kwamba kazi iendelee huko mbele. Na imeendelea. Kanisa la Anglikana la Kongo linamhesabu kuwa mwanzilishi wake.

MAMBO YA KUJIFUNZA

Kwanza, tuanze na tulicho nacho. Kauri za Apolo zilikuwa chache, lakini alijua za kununua nini. Hatusemi msaada ni dhambi. Yeye mwenyewe alitumwa na kusaidiwa na kanisa. Tunasema msaada ukichelewa, kazi isife.

Pili, tuangalie upande wa pili wa habari hii. Kijiji kilichonyima walimu chakula kilipoteza walimu. Je, sisi? Mwalimu wa nasari, mhudumu wa afya wa kijiji, mwinjilisti wetu: tunamsaidia, ama tunangoja achoke aondoke, halafu tuseme hakuwa na wito?

Tatu, kazi ya kweli huonekana kwa kurudi. Kikundi kikivunjika kwa sababu ya lawama za pesa, wengi wanaondoka na hawaonekani tena. Apolo alisingiziwa jambo kubwa kuliko pesa, akarudi.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. "Jembe" la kikundi chetu ni nini? Tutaje kitu ambacho tayari tunacho na hatujakitumia.
2. Kuna mtu anayetuhudumia hapa kijijini ambaye tumemwachia mzigo peke yake? Ni nani, na anahitaji nini?
3. Kuna mwanachama aliyeondoka kwa sababu ya lawama? Nani ataenda kumtembelea?
4. Katika eneo letu, ni watu gani wanaodharauliwa kama Wambuti walivyodharauliwa? Wako ndani ya kikundi chetu?

KAZI YA WIKI HII

Chagueni jambo moja tu kutoka katika majibu yenu. Mwandishi aandike ni nani atafanya, na siku gani. Mkutano ujao mwanze kwa kuuliza: limefanyika?

SALA

Bwana, tusaidie tusikae tukingoja. Utupe macho ya kuona ulichotupa tayari, na moyo wa kurudi mahali tulipoumizwa. Ubariki jembe letu, na wale wanaotuhudumia. Amina.