Pikipiki Kuukuu Inayozimika Njiani: Tafuta Chanzo kwa Hatua

Mhudumu wa bodaboda, pikipiki inayozimika ukivuka Barabara Kuu ya Nairobi–Mombasa hapa Kibwezi inaweza kukuacha wewe na abiria mbele ya lori. Kabla ya kununua vipuri, isukume kando ya barabara na ufuate hatua hizi.

1. Hakikisha petroli ipo, koki iko wazi na swichi ya kuzima injini haijaguswa.

2. Fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, kisha injini ikawaka vizuri, tundu la hewa la mfuniko limeziba, pengine kwa vumbi. Petroli haishuki hewa isipoingia. Lisafishe.

3. Injini ikipoa, legeza skrubu ya chini ya kabureta na kinga petroli kwa chupa safi. Maji hutulia chini. Petroli isipotoka, kagua koki, mpira na chujio. Usivute sigara.

4. Kaza skrubu, funga koki na ukaushe petroli iliyomwagika. Chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, iguse kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, kisha piga kiki. Cheche ikikosekana, jaribu plagi nyingine. Ikiwa cheche hupotea injini ikiwa moto na kurudi ikipoa, fundi apime koili.

Mweleze fundi ilizimika baada ya mwendo gani. Usibebe abiria kabla chanzo hakijajulikana na kurekebishwa.