Paneli haibebwi kichwani, betri hainyweshwi maji ya kisima

Reli itokayo Lubumbashi kwenda Ilebo hupita Kamina, kisha hapa kwetu Kaniama. Paneli ya sola ikija kwa reli hiyo, au kwa lori, inaweza kufika kioo chake kikiwa kizima na bado ikawa imeumia. Kilichopasuka ni silikoni iliyo ndani. Mnunuzi haoni kitu, analipa, anapanda juu ya paa, na baada ya miezi michache anasema Wachina wamemuuzia takataka.

Nyuma ya kioo kuna seli, yaani vipande vya silikoni ambavyo kabla ya kuwa seli huitwa wefa. Unene wake ni milimita 0.2 au pungufu, sawa na karatasi mbili za daftari. Silikoni ikilazimishwa kupinda, hupasuka, na ufa wake ni mwembamba kiasi kwamba jicho halioni.

Viwandani watu wamevumbua vyombo chungu nzima kwa ajili ya jambo hili moja: kuhamisha wefa bila kuiumiza. Wefa za chipu za kompyuta, zenye kipenyo cha milimita 300, husafiri 25 kwa pamoja katika sanduku lililofungwa, kila moja imekaa kwa ukingo wake kwenye mfereji wake, na sanduku lenyewe huendeshwa kwenye reli iliyo darini. Viwanda vya sola vina kishikio cha Bernoulli: hewa hupulizwa kwa kasi juu ya wefa, nayo hunyanyuka karibu bila kuguswa. Kazi ya chipu imeshafika hata Afrika Mashariki, Nyeri nchini Kenya, ambako kampuni ya Semiconductor Technologies Limited iko kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Kaniama hatuna mashine hizo, lakini mikono yetu inaweza kufuata kanuni yake: shika ukingo, usipinde, usikandamize.

Kwa hiyo paneli haibebwi kichwani. Kichwa hukaa katikati, pembe zinaning'inia, na kila hatua inaipinda. Ibebeni watu wawili kwa fremu, wala msiinyanyue kwa waya wake. Kwenye lori isimamishe kwa upande wake mrefu, katikati ya magunia ya mahindi, katoni ikiwa pande zote mbili, na uifunge isicheze. Ukiilaza, lazima mtu ataikalia. Kwenye baiskeli pia ifungwe ikiwa wima, ubavuni. Na siku ya kuifunga pale juu, fundi asiikanyage hata kwa goti.

Kabla ya kulipa, pima. Voteji peke yake hudanganya, kwa sababu paneli yenye nyufa huweza kuonyesha voteji nzuri. Nenda saa sita mchana, jua likiwa wazi, uelekeze paneli juani, uweke multimeta kwenye ampea 10, kisha uunganishe waya zake na chanya na hasi ya paneli. Linganisha na namba iliyoandikwa mgongoni mwa paneli, kando ya herufi Isc. Ikikaribia, nunua. Ikiwa nusu, mrudishie mwenyewe. Ila kama namba hiyo inazidi ampea 10, usijaribu kwa multimeta ndogo, utaiunguza.

Kaniama iko kusini mwa ikweta, kwenye nyuzi 7 na nusu hivi, basi paneli itazame kaskazini, imeinama nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iisafishe yenyewe. Acha nafasi ya kiganja kati yake na bati, hewa ipite, maana joto hupunguza umeme. Na kata tawi la mwembe. Paneli ya volti 12 kwa kawaida ina seli 36 zilizofungwa mfululizo, na kivuli kwenye seli moja huzuia mkondo wa wenzake, huku seli hiyo ikipata moto hadi inaungua.

Kiangazi, wakati nyasi zinachomwa porini, masizi hutua kwenye kioo kila siku. Osha walau mara moja kwa wiki, alfajiri kioo kikiwa bado baridi. Maji baridi juu ya kioo kilichochemka adhuhuri yanaweza kukipasua. Tumia kitambaa laini na maji ya mvua. Mchanga, majivu na sabuni ya unga hukwaruza au huacha utando. Viwanda vya chipu havikubali hata maji ya kunywa: maji yao huchujwa mpaka karibu hakuna chumvi inayobaki. Tangu Werner Kern wa kampuni ya RCA alipotengeneza utaratibu wake wa kuosha wefa mwaka 1965, kila hatua ya dawa hufuatiwa na kusuuza kwa maji safi kabisa.

Betri ya asidi inahitaji ukali uohuo, na hapa ndipo watu wetu wanapoteza fedha nyingi zaidi. Kinachopungua ndani ya betri ni maji, asidi hubaki. Anayeongeza asidi anaziharibu sahani za risasi. Anayeongeza maji ya kisima anaingiza chuma na chumvi, na betri inaanza kujimaliza yenyewe hata usiku ikiwa haitumiki. Tumia maji yaliyotoneshwa. Yakikosekana kabisa, kinga mvua kwa beseni safi la plastiki uwanjani, baada ya mvua kunyesha muda na kuosha hewa. Usikinge chini ya bati, kwani bati hutoa zinki na vumbi. Jaza mpaka sentimita moja hivi juu ya sahani, baada ya kuchaji. Ukikuta sahani zimekauka, zifunike kwanza kidogo ndipo uchaji.

Mama anayechaji simu asiweke mshumaa karibu na betri, maana gesi inayotoka ni hidrojeni, nayo hulipuka. Kuchanganya asidi ni kazi ya fundi mwenye miwani na glavu: asidi humwagwa kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Ikimwagika mwilini, osha kwa maji mengi, dakika 15 au zaidi. Usiiweke kwenye chupa ya juisi hata kwa usiku mmoja, mtoto atainywa. Betri ikishakufa, iuze nzima kwa wanunuzi wa vyuma chakavu bila kuipasua wala kuimwaga nyuma ya nyumba. Risasi iliyo ndani yake hukaa ardhini miaka mingi, na watoto ndio wanaochezea udongo huo.