Anza na Dirisha: Kuchagua na Kutunza Maua ya Ndani
Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Dar es Salaam na miji ya mwambao



Maua mengi ya ndani hufa kwa sababu yalinunuliwa kabla nyumba haijatazamwa. Mtu anasimama kwenye kitalu kando ya barabara, anapendezwa na jani, analipa, anabeba. Akifika nyumbani ndipo anapotafuta pa kuliweka ua lake, na mara nyingi panapobaki ni kona ya sebule nyuma ya kochi. Tunakuomba ufuate njia ya kinyume.

Mwanga wa nyumba yako

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana halipotei mbali na utosi mwaka mzima. Madirisha yanayoingiza jua kwa wingi ni ya mashariki na magharibi. La kaskazini hupata jua kidogo mnamo Juni na Julai, la kusini mnamo Desemba na Januari. Bora kuliko yote ni la mashariki, maana jua la asubuhi ni pole. La magharibi lina jua la saa tisa alasiri, nalo huunguza majani, hasa wakati wa kaskazi.

Hapo hujahesabu wavu wa mbu, nondo, pazia, kioo cheusi, paa la baraza na ukuta wa jirani. Vyote hivyo hula mwanga. Kwa hiyo pima: saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka ua, kisha nyoosha mkono juu yake. Kivuli kikitoka chenye kingo kali, mwanga ni mwingi. Kikiwa hafifu lakini vidole vinahesabika, ni wa kadiri. Kama kivuli hakionekani, hapo panafaa meza ya televisheni tu.

Mmea upi, wapi

Kwa mwanga wa kadiri au mdogo kiasi, chaguo letu la kwanza ni Zamioculcas, unaojulikana kwa kifupi kama ZZ. Wengi hudhani umetoka Ulaya kwa sababu ya bei yake. Kwa kweli ni mmea wa Afrika Mashariki na Kusini, na hata katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania umo. Wakulima wa Uholanzi ndio walioufanya biashara kubwa kuanzia miaka ya 1990. Chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji, kwa hiyo ukisafiri wiki mbili hautakusumbua. Sanseveria, ile yenye majani marefu yaliyosimama wima, ina ustahimilivu kama huo. Mtambaazi unaoitwa mani planti nao hukubali kivuli, ila madoa yake ya njano hufifia mwanga ukipungua.

Penye jua la asubuhi weka mshubiri au mrehani. Usiuweke mrehani gizani ukitarajia harufu.

Violeti ya Usambara inahitaji maelezo. Ni mmea wetu: Baron Walter von Saint Paul-Illaire aliuokota huko Tanga mwishoni mwa karne ya 19, ukaelezwa kisayansi mwaka 1893, na leo umo madirishani duniani kote. Lakini hupenda ubaridi wa nyuzi 18 hadi 24 na hewa yenye unyevu. Lushoto au Arusha utachanua. Dar es Salaam mwezi wa Januari utateseka. Ukiutaka, nunua uliooteshwa kitaluni. Usiung'oe msituni, kwani aina kadhaa za jamii yake ziko hatarini kutoweka.

Maji na udongo

Maji mengi huua maua ya ndani zaidi kuliko kiu. Usimwagilie kwa kalenda. Chomeka kidole hadi kifundo cha pili. Ukikuta unyevu, acha. Wakati wa masika udongo hukauka polepole, na ZZ inaweza kukaa majuma matatu bila tone.

Chombo lazima kiwe na matundu chini, hata kikiwa ndoo ya rangi. Changanya udongo na mboji na mchanga. Makumbi ya nazi ni mazuri, lakini yale yaliyolowekwa baharini yana chumvi. Yaoshe mara kadhaa kwa maji baridi. Chumvi hiyo hiyo imo katika maji ya visima vingi vya mjini. Ukiona ncha za majani zimekuwa kahawia na utando mweupe juu ya udongo, mwagilia maji ya mvua mpaka yatiririke chini.

Watoto

Difenbakia, yenye majani mapana ya madoa meupe, ina utomvu unaochoma mdomo na kuvimbisha ulimi. ZZ na mani planti nazo zina kemikali ya namna hiyo. Ziweke juu, mtoto asikofika. Akitafuna jani, msuuze kinywa kwa maji, usimtapishe, mpeleke kituo cha afya.

Mbu

Dar es Salaam ilikumbwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mbu aina ya Aedes anayeieneza huuma mchana na hutaga katika maji machache yaliyotulia, yakiwemo ya kisahani kilicho chini ya chungu cha maua. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua yapata siku kumi, pengine pungufu kwenye joto. Kumwaga maji hakutoshi, kwa sababu mayai hung'ang'ania ukingoni na huweza kuishi miezi bila maji. Sugua kisahani kwa brashi kila wiki, au kijaze mchanga. Mizizi ya mani planti iliyowekwa kwenye chupa ya maji nayo ibadilishiwe maji na chupa isuguliwe kila wiki.

Kama huna nafasi ya kusugua visahani kumi, panda maua mawili.